Nauza viwanja Kigamboni: barua pepe zinazojituma zenyewe zitaniletea wateja, au nimeanza vibaya?

Kijana wa Kibada:
Wakuu, habari za kazi. Mimi ni dalali, mwaka wa nne sasa, nauza viwanja vilivyopimwa Kigamboni na Mapinga, upande wa Bagamoyo. Wateja wangu wengi wanaanzia kwenye posti: mtu anauliza bei, namtajia, anapotea. Baada ya miezi mitatu nasikia kanunua kwa mwingine. Hao ndio wananiuma, maana nia walikuwa nayo, ila mimi sina namna ya kuwafuatilia watu 200 mmoja mmoja.

Nikaambiwa kuna programu za kutuma barua pepe zenyewe. Nikanunua orodha ya anwani kama 6,000, nikawarushia wote tangazo moja kwa siku moja. Nyingi zikarudi, watu kadhaa wakanijibu kwa hasira anwani zao nimezipata wapi, kesho yake akaunti ikafungiwa. Naombeni ushauri: njia hii ina tija kwenye ardhi, au nibaki na WhatsApp yangu?

Fundi Seva:
Pole mkuu. Orodha hiyo ifute leo. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza: anayetuma kwa wingi lazima domeni yake, yaani jina la anwani yake mtandaoni, ithibitishwe kwa SPF, DKIM na DMARC (mipangilio inayoonyesha kuwa barua imetoka kwako kweli), na msomaji aweze kujitoa kwa kubofya mara moja. Google wanataka malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3. Yaani watu 3 kati ya 1,000 wakikuripoti, hata barua unayomtumia mteja aliyekuomba bei inaweza kuangukia kwenye spamu.

Chukua domeni yako mwenyewe, uanze na hao 200 waliokuuliza, ila kwanza waombe ruhusa. Na usihangaike sana na idadi ya waliofungua. Tangu 2021 simu za Apple zinaweza kuonyesha barua imefunguliwa hata kama mtu hajaigusa. Hesabu waliojibu.

Bitozi wa Mbagala:
Mimi napingana kidogo. Mteja wa hapa Dar hafungui barua pepe, labda ya benki au ya kazini. Mpigie, mpeleke saiti Jumamosi, mmalizane.

Mama Wawili:
Kaka yangu, nakujibu kama mteja. Nipo Houston, Marekani. Niliwahi kutuma hela ya kiwanja kupitia mtu niliyemwamini, kumbe kiwanja kina mwenyewe. Nililia sana. Kwa hiyo ukiniandikia "ofa kabambe, wahi sasa", ndiyo kwanza naogopa.

Baadaye nilijaza fomu kwa mawakala wanne. Watatu walinitumia bei tu. Wa nne barua yake ya kwanza ilinifundisha kusoma ramani ya mipangomiji. Baada ya siku chache ikaja ya pili, namna ya kuomba upekuzi kwa Msajili wa Hati nijue kiwanja ni cha nani na kama kimewekwa rehani. Ya tatu ilikuwa video ya barabara ya kuingia saitini, imepigwa mwezi wa nne kwenye masika, matope yanaonekana, hakuficha. Hiyo ndiyo niliijibu, usiku wa manane, na yeye Dar ilikuwa asubuhi. Simu zake nisingeweza kupokea, niko zamu. Barua inanisubiri.

Wakili Mtaani:
Niongezee upande wa sheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka mtu awe ameridhia matangazo yako, ajue ni nani anayemwandikia, na apewe njia ya kukataa. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ukikusanya majina na anwani za watu, jisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wenye wateja Ulaya wana GDPR pia, sheria ya huko ya kulinda taarifa binafsi.

Kijana wa Kibada:
Asanteni sana. Dada wa Houston, pole kwa yaliyokukuta, na umenifungua macho. Bitozi naye yuko sahihi kwa wa hapa: hao nitaendelea kuwapigia. Barua zitakuwa za walio mbali. Nimeandika ya kwanza, naombeni muipitie:

"Habari. Uliwahi kuniuliza kiwanja Kigamboni. Ukiridhia, nitakutumia barua nne ndani ya wiki tatu: ramani, upekuzi, gharama zote hadi hati, na video ya njia. Usipojibu, sitakuandikia tena. Viwanja ni salama asilimia 100."

Mama Wawili:
Nzuri, kaka. Sentensi ya mwisho itoe. Weka namba ya kiwanja na kitalu, nitamtuma mwanasheria wangu akakague mwenyewe.