Naomba ushauri: Ufaransa na Ujerumani zilipatanishwa na taasisi au na viongozi?

Msomi_Nairobi: Wanajukwaa, hamjambo. Ninaandika tasnifu ya uhusiano wa kimataifa kuhusu namna Ufaransa na Ujerumani, zilizopigana vita vitatu kati ya mwaka 1870 na 1945, zilivyogeuka kuwa washirika wa karibu. Msimamizi wangu anashikilia kwamba yote yalitokana na maelewano ya Rais de Gaulle wa Ufaransa na Kansela Adenauer wa Ujerumani Magharibi. Sijaridhika, ila sijui nianzie wapi kumjibu kwa heshima.

Mtafiti_Ngara: Ndugu, anzia mwaka 1951, de Gaulle akiwa bado nje ya madaraka, pale nchi sita zilipokubaliana kuweka makaa ya mawe na chuma cha pua, yaani malighafi za silaha, chini ya Mamlaka Kuu moja. Kisha usome ratiba iliyomo katika Mkataba wa Élysée, yaani mkataba wa urafiki kati ya Ufaransa na Ujerumani Magharibi, wa tarehe 22 Januari 1963: wakuu wakutane angalau mara mbili kwa mwaka, na mawaziri wa mambo ya nje angalau kila miezi mitatu. Wengi huviruka vifungu hivyo kwa ukavu wake, nami naona ndivyo vyenye uzito kuliko vyote. Mwaka huohuo Bunge la Ujerumani Magharibi liliongeza dibaji iliyomuudhi de Gaulle, na Adenauer akamwachia Erhard ukansela. Uhusiano ukapoa, lakini vikao viliendelea, na Ofisi ya Vijana ya nchi hizo mbili ikazidi kuwapeleka vijana ng'ambo ya mpaka.

Mzee_Mstaafu: Mwanangu, maelezo ya mwenzako ni sahihi, lakini usisahau ya kwetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa na reli, bandari, posta na ndege za pamoja, na bado ilivunjika mwaka 1977. Baada ya Amin kupindua serikali mwaka 1971, Nyerere alikataa kuketi naye, na chombo cha juu kilichowategemea marais watatu kikashindwa kukutana. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa, haukufunguliwa hadi mwaka 1983.

Msomi_Nairobi: Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Basi nisiulize kama taasisi zinatosha, bali ni taasisi za muundo gani zinazostahimili viongozi wasiopatana?

Mzee_Mstaafu: Marahaba. Uliza hivyo, na uanze kwa kulinganisha ni nani aliyelazimika kukutana na nani katika kila mkataba.