Ulinganisho: shamba la Bweni, kiwanja cha barabara ya Tanga au pori la Mkwaja?

Msafiri wa Kusi: Ndugu zangu, natafuta ardhi isiyoendelezwa karibu na mji wa Pangani ili nipande minazi na mihogo kwa sasa, na baadaye nijenge nyumba ya kustaafia. Nimebakiwa na maeneo matatu. La kwanza ni shamba la ekari tatu ng'ambo ya mto, upande wa Bweni, ambalo muuzaji anasema amelirithi kwa babu yake. La pili ni kiwanja kilichopimwa, chenye hati ya miaka 99, kando ya barabara ya Tanga. Hakifiki robo ekari, lakini bei yake inakaribiana na ya lile shamba zima. La tatu ni pori la ekari kumi kuelekea Mkwaja, na ndilo rahisi kuliko yote. Naomba mnilinganishie.

Mpenda Haki: Pori la Mkwaja liache, kwa sababu linapakana na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na mihogo yako italiwa na wanyama kabla hujaivuna. Ulinganisho wa kweli ni kati ya hayo mawili mengine. Kiwanja chenye hati unaweza kukichunguza kwa Msajili wa Hati ukajua kama kina rehani au zuio. Shamba, ikiwa liko katika ardhi ya kijiji, linaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, ambayo inataka uhamisho wa haki miliki ya kimila uidhinishwe na halmashauri ya kijiji, na mnunuzi awe mkazi wa kijiji hicho au mtu anayekusudia kuishi au kufanya kazi humo. Muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi, hata ukigongwa mara tatu.

Kamba na Vigingi: Hizo ekari tatu zimepimwa kwa kifaa gani? Huku tumezoea kusema ekari ni hatua 70 kwa 70, na hesabu hiyo inakaribia ukweli iwapo hatua ni yadi moja kamili. Mtu mfupi anayetembea kwa hatua za sentimita 75 atakupatia mita za mraba 2,756 hivi badala ya 4,047, yaani karibu theluthi ya ekari imebaki kwa muuzaji. Lete mpimaji, na majirani wote wa mpakani wawepo. Ikiwa shamba linashuka hadi baharini, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira ya ufuko, ndani ya mita 60, na mikoko ni hifadhi ya msitu, haiuzwi na yeyote.

Bibi wa Kikokwe: Mwanangu, uliza pia minazi iliyomo ni ya nani. Kwetu pwani mtu anaweza kuwa na shamba na mwingine akawa na miti ndani yake, na mwenye miti hujitokeza siku ya kuangua nazi. Uliza kama kuna makaburi, na kama wavuvi hupita humo kwenda pwani, kwa kuwa pori unaloliona tupu lina wenyewe wengi.

Msafiri wa Kusi: Shikamoo bibi, nashukuru. Nimemuuliza muuzaji, naye amekiri kwamba wako ndugu wanne na mirathi haijafunguliwa mahakamani.

Mpenda Haki: Basi usitoe hata kishika uchumba mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi.

Kaskazi Tulivu: Mimi sikubaliani na wanaokusukuma kwenye kiwanja. Huwezi kulima minazi kwenye robo ekari, na mradi wa barabara ya Bagamoyo, Saadani, Pangani hadi Tanga, wenye daraja la Mto Pangani la mita 525, unaondoa kasoro kubwa ya Bweni, yaani kusubiri kivuko. Wape hao ndugu muda wa kufungua mirathi, na wewe utumie muda huo kuonja kisima cha jirani mwishoni mwa kiangazi, kabla masika hayajaanza, maana maji yakiwa ya chumvi wakati huo, hilo shamba ni la minazi tu na nyumba utaijenga kwingine.