Je, Edith Smith anastahili kuenziwa?

Baadhi ya waliochangia mjadala huu wanashikilia kwamba Edith Smith, aliyeapishwa mwaka 1915 katika mji wa Grantham na kuwa mwanamke wa kwanza nchini Uingereza kupewa mamlaka kamili ya kukamata, hastahili kuenziwa, kwa sababu mamlaka hayo aliyatumia zaidi dhidi ya wanawake wenzake. Hoja hiyo ni nzito na inaniumiza hata mimi ninayeipinga.

Chanzo cha ugomvi huu kinamtangulia Smith. Mwaka 1914 Nina Boyle, mpigania haki ya wanawake kupiga kura, alishirikiana na Margaret Damer Dawson kuanzisha kikosi cha polisi wanawake wa kujitolea. Boyle alichukizwa na sheria iliyokuwa mikononi mwa wanaume watupu, kuanzia askari anayekamata hadi hakimu anayehukumu, na alitaka mwanamke anayeshtakiwa apate wa kumsimamia. Lakini mwaka huohuo, huko Grantham palipokuwa na kambi kubwa ya jeshi, kamanda wa jeshi aliwapiga marufuku wanawake waliodaiwa kuwa na tabia mbaya wasitoke nje usiku, na wanawake wa kikosi hicho ndio waliopita nyumba kwa nyumba kuisimamia amri hiyo. Boyle aliuona huo kuwa usaliti, ilhali Dawson aliunga mkono kazi hiyo. Februari 1915 wanachama walio wengi walimfuata Dawson, na kikosi kikagawanyika.

Katika hilo Boyle alikuwa sahihi kabisa. Hata hivyo, waliokuwa wakiingia majumbani hawakuwa wameapishwa. Nguvu yao ilikuwa idhini ya kamanda tu, na raia aliyeonewa hakuwa na sheria ya kuwabana nayo. Kiapo cha Smith, ambacho mji uliamua kumpa ijapokuwa Wizara ya Mambo ya Ndani ilishikilia kwamba mwanamke hawezi kuapishwa, kilimweka chini ya sheria ileile iliyomfunga askari mwanamume. Hiyo si hatua ndogo.

Sisemi kwamba kazi yake ilikuwa safi. Mjane huyo, aliyewahi kuwa mkunga, alifanya doria siku saba kwa juma, akiwaonya wasichana waliozunguka kambini, na hata waume waliokuwa mbali walimwachia jukumu la kuwachunga wake zao. Hilo la mwisho halikupaswa kuwa kazi ya polisi hata kidogo. Aliacha kazi mwaka 1918, afya yake ikiwa imedhoofika.

Wanaopinga naomba watazame London: wanawake waliingizwa katika doria za polisi mwaka 1919, lakini hawakupewa mamlaka ya kukamata hadi mwaka 1923. Je, katika miaka hiyo minne wanawake wa London walikuwa salama zaidi kwa kuwa polisi wanawake hawakuwa na kiapo?