Watoa huduma za afua za mapema: wanafaulu moduli, nyumbani kwa mtoto hawabadiliki

mratibu_afua
Habari wadau. Tuna watoa huduma 24 wa watoto chini ya miaka 3 waliochelewa kukua. Wamemaliza moduli zote 8 za mafunzo mtandaoni na maswali wamefaulu. Lakini wakifika nyumbani bado wanafungua begi la vitu vya kuchezea na kukaa na mtoto, mama yuko pembeni anatazama tu. Tuongeze moduli?

mkufunzi_ziara
Usiongeze hata moja. Maswali ya kuchagua jibu yanapima kumbukumbu, na kumwachia mzazi nafasi ni ufundi. Baada ya kila moduli mpe mshiriki wiki 2: ajaribu mbinu moja kwenye ziara, ajirekodi dakika 5 na kutuma. Itazame video hiyo pamoja naye kwa simu ya video, nusu saa inatosha. Yeye aseme kwanza alichokiona, ndipo umpe maoni.

Angalia kitu kiko mkononi mwa nani. Tuseme mtoto anavalishwa: mama anaweka soksi mbele ya mguu, anangoja. Hapo mtoa huduma anyamaze, ahesabu kimoyomoyo hadi 5, mtoto apate muda wa kuinua mguu. Wengi wakifika 2 tu wameshamsemesha mtoto au wamenyoosha mkono wenyewe. Mtihani hauwezi kukuonyesha hilo.

Na begi libaki ofisini! Likiondoka nyumbani na mtoa huduma, mazoezi yanaondoka nalo. Soksi, kikombe na beseni vinabaki na mama wiki nzima.

tiba_matamshi
Kuhusu kurekodi: simu ilale kimlalo, kimo cha bega la mtoto, dirisha liwe nyuma ya simu. Sura ya mama na ya mtoto zote zionekane, la sivyo huwezi kujua nani alianza na nani alijibu. Zima redio. Mzazi atie saini ridhaa inayosema nani ataitazama na itafutwa lini. Msirushe kwenye kundi la WhatsApp, tafadhali sana. Huyo ni mtoto wa watu.

mratibu_afua
Shukrani. Wakufunzi ni 3, kila mmoja watu 8, yaani jumla ya saa 4 za kutazama kila wiki 2. Tunaweza kuwatazama kwa makundi?

mkufunzi_ziara
Kuanzia mzunguko wa tatu (mzunguko ni moduli moja na wiki 2 zake), watu 4 kwa kundi. Miwili ya kwanza kila mtu peke yake, maana mwenye aibu mbele ya wenzake hutuma ile video aliyopatia tu.