MJADALA: Filamu yetu ya kwanza Mtwara, tuchukue mkopo wa halmashauri au tutoboe na hela za mfukoni?

Mleta mada (Chikongola, Mtwara):

Habari za jioni wadau wa kusini. Hili limetugawa kwelikweli ndo maana nalileta hapa. Tupo vijana saba, wawili bodaboda, mmoja fundi cherehani, mmoja anapiga picha za harusi, waliobaki tunabangaiza, na tunataka kutoa filamu yetu ya kwanza. Stori tunayo: kijana mbeba magunia ghala la korosho anaanza kumfuatilia mzee mmoja anayekuja kila siku kuulizia malipo yake, anamfuata mpaka anajikuta yumo ndani ya mambo ya watu. Wenzangu wanasema tujisajili kikundi tuombe ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kina mama, nne vijana, mbili wenye ulemavu, hauna riba, tununue kamera na taa. Mimi nakataa na sababu zangu ni hizi.

Juzi nimeangalia Following ya mwaka 1998, filamu ndefu ya kwanza ya Christopher Nolan, huyuhuyu aliyebeba Oscar ya uongozaji 2024 kwa Oppenheimer. Ina dakika kama 70, nyeusi na nyeupe, kijana mmoja London hana kazi anataka kuwa mwandishi, anaanza kufuata watu asiowajua mitaani mpaka anakutana na mwizi anayeitwa Cobb, anamfundisha kuingia nyumba za watu. Bajeti yake inatajwa kama dola 6,000 tu na kubwa iliyokula hela ni mkanda wenyewe wa milimita 16. Alilipa kwenye mshahara wake kidogokidogo, waigizaji marafiki zake wana kazi zao, kwa hiyo wakawa wanapiga Jumamosi kwa Jumamosi karibu mwaka mzima. Kamera kashika mwenyewe, taa nyingi ni mwanga wa dirishani. Na kwa kuwa mkanda ni ghali walifanya mazoezi ya kila sini mpaka waive, ili wakipiga mara moja au mbili basi yamekwisha.

Sasa tusidanganyane, filamu ina makovu. Kuna sehemu waigizaji wanaongea kama wanasoma, kuna vyumba unaona kabisa ni nyumba za washkaji, na sauti mahali pengine imekauka. Lakini stori imekatwa vipandevipande, jana mbele leo nyuma, unaona jamaa ana uso umepigwa hujui kapigwa na nani, ukija kujua unashika kichwa. Hicho kitu hakikununuliwa, kilifikiriwa. Mwaka 1999 ikachukua tuzo ya Tiger kwenye tamasha la filamu la Rotterdam, Uholanzi, 2000 akatoka na Memento ambayo nayo imekatwa kwa mtindo uleule ila sasa imeiva.

Hoja yangu ni hii, filamu ya kwanza inatakiwa iwe na ruhusa ya kukosea na ukiwa na marejesho kila mwezi hiyo ruhusa huna, utaanza kuangalia nini kinauzika vibanda umiza vya kuonyeshea video, utaweka jini, utaweka mapenzi ya kugombana sebuleni, mzee wa korosho atakufa palepale kwenye skripti. Karibuni.

Mdau wa Mtanda, Lindi:

Mkuu nakuheshimu ila umechagua mfano unaokufaa wewe. Satyajit Ray wa India filamu yake ya kwanza, Pather Panchali ya 1955, imemalizika kwa hela ya serikali, jimbo la West Bengal ndo lilitoa. Na ile ni filamu ya kijijini, mtoto na dada yake na bibi kizee, umaskini mtupu, hakuna kilichobadilishwa ili iuzike. Kwa hiyo hela ya umma kuua sanaa sio lazima. Sisi huku kusini tumezoea kuambiwa tusubiri, barabara tulisubiri, daraja la Rufiji mpaka 2003 ndo likafunguliwa, leo ile nne ya vijana ipo kwa sheria kabisa halafu wewe unawaambia wenzako waiache ikachukuliwe na wa kuku na wa matofali tu? Filamu sio kazi?

Bodaboda wa Magomeni, Mtwara:

Mimi ndo mmoja wa hao saba. Kaka umenitaja wacha niseme mbele za watu. Huyo Nolan unayemsema alikuwa na mshahara, kasoma chuo kikuu London, Jumamosi yuko mapumziko. Mimi Jumamosi ndo siku ya hela, soko limejaa, abiria wa harusi, nikikaa na nyinyi kutwa nzima jioni tajiri wa pikipiki anataka hesabu yake ipo palepale na nyumbani hawajala. Hela za mfukoni unazosema ni za mfuko wa nani? Mimi siutaki mkopo kwa ajili ya kamera, nautaka kwa sababu bila hivyo filamu itakuwa ya wenye nafasi tu, na wewe kaka una nafasi kidogo kuliko mimi, samahani lakini ndo ukweli.

Mpiga picha, Mikindani:

Mimi kwenye mkopo siingii ila kwenye kamera naingia. Vijana kamera sio shida yenu, simu ya kawaida sasa hivi inatosha. Shida zenu ni mbili, jua na sauti. Following ilikuwa nyeusi na nyeupe, mawingu ya London yale, umaskini unajificha. Huku saa saba mchana jua liko utosini, macho ya mtu yanakuwa mashimo meusi mawili, shati jeupe linaungua lote. Pigeni saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu kisha laleni, mrudi saa kumi jioni. Ndani pigeni karibu na mlango uliofunguliwa, geuzeni mwigizaji aangalie nje. Sauti sasa, chukueni simu ya pili muiweke mfukoni kwa anayeongea ikirekodi muda wote, pigeni kofi moja la viganja mwanzoni mwa kila sini ili baadae muoanishe sauti na picha. Shangani ufukweni msijaribu maongezi, upepo ule utakula kila neno. Na kabla ya yote pitieni kwa afisa utamaduni mjue utaratibu wa kibali cha Bodi ya Filamu, sheria ipo tangu 1976, na bandarini msinyanyue hata simu bila ruhusa.

Mama wa Ligula:

Wanangu nimesoma. Nami niliiangalia hiyo Following na kijana wangu, ina mwanamke mmoja tu mwenye nafasi kubwa na hata jina hana, yupo pale kwa ajili ya kudanganya na kudanganywa. Huyo mwongozaji alikuwa kijana na marafiki zake vijana, wakaandika wanachokijua. Sasa nyie mko saba, kuna binti hata mmoja? Korosho mnayoiandika nani anaiokota shambani, nani anaibangua? Mwanamke. Na mzee wenu anayeulizia malipo nyumbani ana mke anayejua hesabu yote kichwani. Mkikopa au msikope, hilo halihitaji hela.

Mleta mada:

Shikamoo mama. Mama umenishika pabaya, mabinti hatuna hata mmoja na mke wa mzee kwenye skripti anaonekana mara moja tu analeta maji. Nimeona aibu kusema kweli. Nitamuandika upya, na nadhani anayefuatwa ndo anatakiwa awe yeye, sio mzee.

Mdau wa Lindi, Ray nakubali ila maliza stori yote. Hela ya serikali ilikuja katikati. Mwanzo alikuwa kaajiriwa kampuni ya matangazo, anapiga siku za mapumziko, kaweka rehani mpaka dhahabu za mkewe, mshika kamera wake alikuwa na miaka 21 hajawahi kushika kamera ya sinema. Kazi ilisimama muda mrefu, mwenyewe akiogopa mtoto sauti isivunjike na bibi kizee asije akafariki kabla hawajamaliza. Serikali inaingia tayari ana vipande vya kuonyesha. Kwa hiyo sikatai tena hela ya umma moja kwa moja, nakataa kwenda kuiomba tukiwa na maneno matupu na orodha ya vifaa. Tukiwa na dakika kumi mkononi tutajua tunachohitaji, na wao watajua wanachokopesha.

Ndugu yangu bodaboda, wewe umenikosesha usingizi kuliko wote. Nilisoma habari ya Jumamosi za London nikaona uvumilivu, sikuona kwamba Jumamosi ya mtu ina bei. Napendekeza hivi: tusinunue kitu chochote. Kila mwenye chochote atoe, na kinachopatikana kwanza kinafidia hesabu yako na ya mwenzako kwa siku tunayopiga, kabla ya betri, kabla ya chakula. Na tusipige Jumamosi, tupige Jumapili alfajiri mpaka saa tatu, abiria wachache. Mazoezi tufanye usiku kijiweni, hayana gharama, tuyarudie mpaka kila mtu aote maneno yake, maana kwa saa tatu za mwanga hatuna nafasi ya kurudia sini mara kumi.

Bodaboda wa Magomeni:

Hapo sawa kaka. Ila hesabu ya mwenzangu ianze kulipwa kabla ya yangu, ana mtoto mchanga. Na binti namjua mmoja, anauza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, pale stendi, anaongea ukimsikia tu unasimama. Kesho nikipita nitamuuliza.