Beleshi gani linafaa kuondoa mchanga mweusi na changarawe za lava langoni baada ya mvua?

Mama wa Himbi (Goma)

Ndugu wasomaji, nawasalimu. Ninaishi Himbi, katika kiwanja kilicho chini kidogo ya usawa wa barabara, na kila mvua kubwa inyeshapo maji hutuletea mchanga mweusi, changarawe za lava na takataka za barabarani. Yakishapungua, langoni hubaki tabaka ambalo mara nyingine hufika kwenye vifundo vya miguu. Huziba njia ya gari, ambayo ni ya saruji na ina urefu wa mita kumi hivi, pamoja na kinjia cha miguu kiendacho jikoni, ambacho hakina saruji bali kimetandazwa mawe ya lava. Mimi na mwanangu mkubwa ndio tunaozoa.

Tangu mvua za Septemba zianze tumekwisha kuharibu mabeleshi mawili. La kwanza lilijikunja bamba kabla ya mwezi kwisha, na la pili lilikatikia shingoni, pale mpini unapoingilia. Mbali na hasara hiyo, mgongo wangu hunisumbua siku mbili nzima baada ya kila kazi.

Mdogo wangu anayeishi Québec ananieleza kwamba kule kila nyumba ina beleshi pana la plastiki la kuondolea theluji mlangoni na njiani, jepesi sana, na kwamba mgeni anayekuja mwezi ujao anaweza kunibebea. Je, nimkubalie, au ninunue hapa hapa? Na nikinunua hapa, nitazame nini?

Fundi mwashi wa Ndosho

Mama, pole sana kwa kazi. Nilianza uashi hapa mjini kabla ya lava ya mlima wa volkano wa Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002, ile iliyopita katikati ya mji hadi ikaingia Ziwa Kivu, na tangu hapo nimechimba, nimezoa na nimejenga juu ya mawe yake. Jiwe la lava lina vitundu vingi, na kila kitundu kina ukingo mkali, kwa hiyo linalila bamba la beleshi kama tupa. Beleshi ambalo kwenye udongo wa kawaida lingedumu miaka, hapa hupungua mdomo ukiliona kwa macho.

Kabla ya kulipa pesa, tazama shingo kwanza. Beleshi zuri lina shingo na bamba vilivyotoka katika kipande kimoja cha chuma, na shingo yenyewe huukumbatia mpini kwa urefu wa kiganja au zaidi, kisha ikafungwa kwa ribiti mbili. Lile ambalo shingo yake imechomelewa juu ya bamba kwa mstari mmoja mfupi liache, hata muuzaji akikupunguzia bei, kwa sababu hapo ndipo litakapokatika. Baadaye liweke chini, bonyeza katikati ya bamba kwa kisigino bila kutumia nguvu nyingi. Likilegea kama bati la paa, limetengenezwa kwa chuma chembamba au kwa pipa la zamani. Bamba lenye mfereji uliokunjwa katikati, kutoka shingoni kuelekea mdomoni, hustahimili zaidi.

Jambo la pili ni mdomo, na hapa naona ndipo kosa lilipokuwa. Kwako kuna sehemu mbili za namna mbili. Juu ya saruji unahitaji mdomo bapa, ulionyooka, ambao ukiusukuma unakomba mchanga wote kwa mkupuo mmoja. Juu ya mawe ya lava mdomo huo huo utakwama kila hatua, na kila unapokwama mshtuko hupanda hadi viwikoni, halafu mtu hukasirika akaanza kubanjulia mawe kwa beleshi. Shingo hukatika hivyo. Kwenye kinjia cha mawe tumia mdomo uliochongoka, unaopenya kati ya jiwe na jiwe, na mawe makubwa yaondoe kwa mtaimbo au kwa mikono. Kwa hiyo nakushauri ununue mawili, hata kama la pili ni dogo.

Mpini usiwe chini ya kifua chako. Katika maduka mengi ya Birere unaweza kununua bamba peke yake ukatiwa mpini wa mkaratusi. Mkaratusi ni mti mgumu na unafaa, ila ukiwa mbichi hupinda na kulegea ndani ya shingo baada ya wiki chache. Chagua uliokauka, ushike usawa wa jicho kama unavyolenga shabaha, na uhakikishe kwamba nyuzi za mti zinakwenda sambamba kutoka mwanzo hadi mwisho bila kutokea ubavuni.

Mtoto wa Katindo, sasa Québec

Dada, nimetumia mabeleshi ya theluji kwa miaka mingi na nakuomba usimsumbue huyo mgeni. Sababu ni uzito. Bamba la beleshi la theluji hutengenezwa pana kwa kuwa theluji iliyoanguka sasa hivi ni nyepesi mno: lita kumi zake huweza kuwa na uzito wa kilo moja tu. Lita kumi za mchanga mweusi uliolowa maji zinakaribia kilo kumi na nane. Bamba lile pana ukilijaza mchanga hutaweza kuliinua, na ukiliinua, plastiki itapasuka au mgongo wako utaumia zaidi ya sasa. Hata huku, theluji ikishalowa maji huwa nzito mara kadhaa, na madaktari huwaonya wazee na wenye maradhi ya moyo wasiizoe kwa pupa wakati wa baridi kali.

Kitu ambacho ningependa uchukue kutoka huku ni namna ya kufanya kazi. Watu wenye uzoefu huisukuma theluji kando kadiri wawezavyo, na huinua pale tu pasipo na njia nyingine. Wakiinua, hujaza nusu ya bamba, hukunja magoti, hushika mpini mkono mmoja karibu na bamba, na hugeuza miguu badala ya kupinda kiuno. Kuna mabeleshi ya aina mbili, la kusukumia na la kuinulia, na wengi wana yote mawili.

La kusukumia unaweza kutengenezewa na seremala. Umewahi kuona ubao wenye mpini mrefu unaotumiwa kugeuzia kahawa inapoanikwa? Huo huo, upana wa sentimita hamsini au sitini, uliopigiliwa ukanda wa chuma chini, utakukombea njia yote ya saruji hadi rundo moja, na beleshi litabaki na kazi ya rundo hilo tu.

Baba wa Kadutu (Bukavu)

Niongeze kidogo kutoka Bukavu, ambako shida yetu ni matope mekundu ya milimani. Sisi huyaondoa yakiwa bado mabichi, maana udongo wa mfinyanzi ukikauka huwa tofali, na bamba tunalilowesha kila mara ili yasigande. Kwenu ni kinyume. Mchanga wa lava hupitisha maji upesi, hivyo mama akingoja nusu siku baada ya mvua kukatika, atainua mzigo mwepesi zaidi.

Tafadhali msiutupe mchanga huo kwenye mfereji wa barabarani. Mvua inayofuata itaurudisha kwako au itaupeleka kwa jirani wa chini, na hapa Bukavu tumeona nyumba zikibomoka kwa sababu mifereji iliziba.

Fundi mwashi wa Ndosho

Baba amesema kweli. Mama, uchunge mchanga huo kwa chekeche na kuurundika pembeni. Ukiwa safi, wajenzi wanaufyatulia matofali ya saruji, na hata mimi ningeuchukua. Ila kama mlima umetoa majivu, usingoje. Yanyunyizie maji kidogo tu yasipeperuke, ziba pua na mdomo kwa kitambaa au barakoa, na uyaondoe kwa beleshi la mdomo bapa kabla mvua haijayafanya mazito.

Mama wa Himbi (Goma)

Nawashukuru nyote. Nimemwandikia mdogo wangu kwamba asihangaike. Jumamosi nilikwenda Birere na mwanangu, tukayakanyaga mabamba manne mbele ya muuzaji, na la nne ndilo lililokataa kujikunja. Ubao wa kusukumia nimeuagiza kwa seremala wa mtaani. Mvua ya jana usiku tuliisubiri hadi saa sita mchana, tukazoa nusu bamba nusu bamba, na njia ya gari ilikuwa wazi kabla ya saa nane. Kinjia cha jikoni bado, kwa kuwa lile la mdomo uliochongoka sijalipata lenye shingo ya kipande kimoja. Fundi, ukiliona katika duka lolote, naomba unielekeze.