Nimebadilishiwa injini ya petroli kwa dizeli, sasa gari halizimiki wala halishiki breki (Malindi)

Wakuu, asalaam aleikum. Naandika nikiwa na hasira, mniwie radhi mapema.

Jana magharibi nimesimamisha Hilux yangu nje ya msikiti hapa Barani. Nimezungusha ufunguo, nimeuchomoa, nimeutia mfukoni. Injini yaunguruma tu. Watu wanaotia udhu wananikodolea macho. Ikabidi nirudi ndani, nitie gia ya nne, nikanyage breki kwa nguvu zote kisha niachie klachi, gari lijinyonge lenyewe. Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Hii ni wiki ya tatu nazima gari namna hiyo.

Gari lilikuwa na injini ya 22R ya petroli, ya kabureta. Nabeba samaki kutoka Ngomeni, na petroli ilikuwa ikinilia faida kabla sijafika Mambrui. Nikashauriwa nitie 3L, dizeli ya lita 2.8 isiyo na tabo wala kompyuta. Ushauri siulaumu hata leo, maana injini yavuta vizuri na mafuta yapungua kwa uchache. Namlaumu fundi aliyenambia, "Ami, hiyo ni kung'oa na kupachika. Siku nne."

Siku nne zikawa wiki saba. Giaboksi ya petroli ikakataa, matundu ya bolti hayalingani, nikanunua nyingine. Haya.

Kuhusu kuzima: dizeli haina plagi za moto wala koili, ati ukikata umeme imekufa. Yazimwa kwa kunyimwa mafuta. Juu ya pampu ya injekta kuna solenoidi, yaani vali ya umeme; swichi ikiwashwa yapata umeme na kufungua njia, swichi ikizimwa yafunga. Ni waya mmoja tu, wakuu! Fundi kauvuta moja kwa moja kutoka kwa betri, basi njia haifungi. (Mshale wa mizunguko ya injini nao umelala, kwa sababu ulikuwa ukisoma kwenye koili. Huo nimeusamehe.)

Breki ndizo zilizonifanya nifungue uzi huu. Injini ya petroli huvuta hewa kupitia kabureta, na ule mvuto ndio unaosaidia busta ya breki, ile inayolainisha pedali. Dizeli kama hii haina kitu cha kubana hewa inapoingia, kwa hivyo mvuto wa maana haupo. Ndiyo maana Toyota wakaipa 3L pampu ya vakyumu, ya kutengeneza mvuto huo, wakaifunga nyuma ya altaneta (ile inayochaji betri). Sasa sikizeni. Injini niliyonunua Mombasa ilikuja na altaneta yake na pampu yake. Picha ninayo, niliipiga tunaipakia. Gari nililokabidhiwa lina altaneta ya ile 22R ya zamani, imeshikizwa kwa kipande cha chuma cha kuchomelea, na nyuma yake ni patupu.

Yangu iko wapi?

"Iliungua." Basi nipe hiyo iliyoungua. "Nilitupa." Fundi anayeweka hata nati zenye kutu kwenye kopo la Kimbo, leo atupe altaneta nzima?

Wiki jana nimejaza barafu na makreti, nakaribia daraja la Sabaki, ng'ombe wakakatiza. Nakanyaga, pedali ngumu kama nakanyaga ukuta. Nilimkosa ndama wa mwisho kwa shubiri. Nilipomweleza fundi, hana hata haya: "Dizeli breki zake ndivyo zilivyo, ami, utazoea." Nizoee kufa?

Tangi nalo hakuliosha. Mlikuwa na petroli kama lita kumi, akamimina dizeli juu yake. Pampu ya injekta yapata ulaini wake kwenye dizeli inayopita ndani, na petroli yakausha ule ulaini, chuma kinasagana na chuma. Chujio pia kaacha lile dogo la petroli, lisilotenga maji. Asubuhi gari lakohoa kama mzee wa tumbaku. Mkanda wa taimingi ni ule ule uliokuja na injini, na ukikatika valvu zitagongana na pistoni.

Halafu kitabu cha gari. Chasema petroli na namba ya injini ni ya zamani. Kubadilisha NTSA, kwa wale wa serikali wanaosajili magari, kwataka nionyeshe injini nimeipata wapi, na risiti kaishika yeye, kila siku "kesho, ami". Nikipata ajali leo, bima wataniuliza nini?

Nimempa hadi Ijumaa. Sitaki pesa, nataka risiti yangu na altaneta yangu.

Mwenye altaneta ya 3L yenye pampu nzima, awe Malindi, Watamu au Kilifi, aandike bei hapa chini, samaki hawanisubiri. Na kama kuna aliyeuziwa moja siku hizi za karibuni, tafadhali aitazame kwenye puli. Ikiwa ina alama ya rangi ya kijani, ni yangu.